Fidia Maradufu: Istilahi ya Bima Iliyobeba Filamu

Wapenzi wa filamu za zamani za Marekani hawaishi kugombana juu ya wigi. Ni lile wigi la rangi ya dhahabu alilovaa Barbara Stanwyck mwaka 1944 katika Double Indemnity, filamu iliyoongozwa na Billy Wilder. Wapo wanaoshikilia kwamba lilimharibu mwigizaji hodari. Hata pale Paramount, mkuu mmoja alilalamika kuwa wamemwajiri Stanwyck wakaletewa George Washington. Wapo pia wanaosema ndilo lililomkamilisha, kwa sababu Phyllis Dietrichson, mwanamke anayemwigiza, ni wa bandia kuanzia nywele hadi machozi. Mimi niko upande wa hao wa pili. Ila katika mabishano yote hayo, jina la filamu hupitwa kama kibao cha barabarani, na ukilipita hutaelewa kwa nini maiti ya mume wa Phyllis ilazimike kuokotwa relini.

Jina hilo ni istilahi ya bima. Ni kipengele katika mkataba ambacho kwacho kampuni inaahidi kulipa mara mbili ya kiasi kilichoandikwa endapo mwenye bima atakufa kwa ajali, au kwa ajali za aina fulani zilizotajwa. Kwa kampuni ni chambo cha kuvutia wateja. Ahadi inasikika kubwa, na ajali zenyewe ni za nadra, kwa hiyo si mara nyingi inapotimizwa. Walter Neff, wakala wa bima wa Los Angeles anayeigizwa na Fred MacMurray, anaijua hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayomlisha. Dietrichson akifa kwa ajali ya kawaida, mjane atapata dola 50,000. Akifa kwa ajali ya treni, dola 100,000. Basi Neff na Phyllis wanamuulia ndani ya gari, Neff anapanda treni kwa magongo akijifanya ndiye Dietrichson aliyevunjika mguu, anaruka kutoka behewa la mwisho, kisha wanailaza maiti kwenye reli. Mzunguko wote huo ni wa kutafuta neno moja, maradufu.

Sasa tulitafsirije? Fidia ndilo neno la kwanza kumjia mtu, na tunalo siku nyingi. Mateka alikombolewa kwa fidia. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidia kwa kumlisha maskini. Aliyebomolewa nyumba ili barabara ipite hudai fidia, na mara nyingi huidai miaka. Kote huko kuna kitu kilichopungua na kingine kinachotolewa kuliziba pengo. Sheria ya bima inashika maana hiyohiyo: anayefidiwa arudishwe pale alipokuwa kabla ya hasara, asitoke na faida. Gari lako moja likiungua, hulipwi thamani ya mawili.

Kwa kipimo hicho fidia maradufu ni maneno yanayogombana. Pengo likizibwa mara ya kwanza limezibwa, hiyo ya pili inaziba nini? Asimlaumu mtu mtafsiri, kwani kasoro imo kwenye Kiingereza chenyewe. Mahakama nchini Uingereza iliamua tangu 1854 kwamba bima ya maisha si mkataba wa fidia. Uhai haupimiki kwa bei, kwa hiyo kinacholipwa ni kiasi kilichoahidiwa tu. Wafanyabiashara waliendelea na neno lao kwa sababu linauza, na Kiswahili kikilichukua kinarithi na udanganyifu uliomo.

Tunalo pia neno dia, ambalo sheria ya Kiislamu imetuzoesha: malipo ya damu. Mtu anaweza kudhani linafaa zaidi, kwa kuwa hapa kuna damu na kuna malipo. Halifai, na sababu yake ndiyo inayoimulika hadithi. Dia hutoka kwa upande wa muuaji ikaenda kwa ndugu wa aliyeuawa. Katika filamu hii njia imegeuzwa: muuaji ndiye mjane, mjane ndiye mnufaika, na anangoja kulipwa. Anayeufahamu mpangilio wa dia atauona uovu wa Phyllis upesi kuliko mtazamaji wa Los Angeles.

Na kuna kikuku. Neff anapomwona Phyllis mara ya kwanza, macho yake yanashuka hadi kwenye kikuku cha mguuni kilichochorwa jina la mwenye nacho, na kamera inashuka naye. Dar es Salaam hapo hapahitaji maelezo. Mwanamke mwenye kikuku mguuni amekwisha semwa mengi, kwa haki au kwa kuonewa.

Kuhusu nani aliibeba filamu, wengi watamtaja Stanwyck, wakitoa ushahidi wa tukio la mauaji. Wilder hatuonyeshi mume akinyongwa. Anaiacha kamera kwenye uso wa mke aliyeshika usukani, akitazama mbele, na usoni mnapita kitu kidogo kinachokaribia kuridhika. MacMurray alikuwa mtu wa vichekesho na mapenzi mepesi, na aliiogopa nafasi hii. Uso wake wa kawaida ndio unaotisha: ni jirani anayekusalimia asubuhi. Lakini kwa anayesoma istilahi, fundi ni Edward G. Robinson. Yeye aliyejulikana kwa kuigiza majambazi tangu Little Caesar ya 1931 hapa ni Barton Keyes, mkaguzi wa madai. Bosi wake anapodai marehemu alijiua, Keyes anammwagia takwimu za watu wanaojiua, aina kwa aina, hadi kwenye neno lake la mwisho: hakuna aliyewahi kujiua kwa kuruka kutoka nyuma ya treni inayokwenda, na hii ilikuwa ikienda polepole. Kisha anauliza swali ambalo mtu wa bima tu angeliuliza. Dietrichson alivunjika mguu kabla ya kufa. Alikuwa na bima ya ajali. Mbona hakupeleka madai? Hakupeleka kwa sababu hakujua anayo. Alitia saini akidhani anahuisha bima ya gari.

Haya hayakutungwa hewani. Mwaka 1927, huko Queens, New York, Ruth Snyder na hawara yake Judd Gray walimuua mume wa Ruth, aliyekuwa amekatiwa bima yenye kipengele hicho. Wote wawili waliuawa kwa kiti cha umeme katika gereza la Sing Sing, Januari 1928. James M. Cain, mwandishi wa habari wakati huo, alichota humo riwaya yake, ikatoka kwa mfululizo katika jarida la Liberty mwaka 1936. Wilder na Raymond Chandler ndio walioiandikia filamu.

Limebaki neno maradufu. Tukisema bei zimepanda maradufu, hakuna anayeshika kikokotoo, maana yake zimepanda sana. Kwenye bango la sinema ulegevu huo ni utamu, na Fidia Maradufu ni jina zuri la filamu, lenye mdundo na harufu ya tamaa. Kwenye hati ya bima ulegevu huo ni kesi mahakamani. Hapo paandikwe malipo ya mara mbili kwa kifo cha ajali, kirefu na kikavu kama sheria inavyotaka.

Nawe msomaji mwenye hati hiyo kabatini, itoe uisome. Tazama ni ajali zipi zimetajwa, jina la nani limeandikwa kwenye nafasi ya mnufaika, na kama saini iliyo chini ni yako na ulijua unasaini nini.