Kurejeshwa kwa vifaru weupe Garamba

Garamba ni hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1938 kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni nchi ya nyasi ndefu, na ndiko vifaru weupe wa kaskazini walikoishi porini kwa mara ya mwisho. Mwaka 1984 walibaki kama 15. Ulinzi ukawafikisha karibu 30, kisha vita na ujangili vikawamaliza. Hasara hiyo hailipiki: duniani wamesalia majike wawili, Najin na Fatu, wanaotunzwa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya.

Juni 2023, ICCN, mamlaka ya hifadhi za Kongo, na shirika la African Parks walileta Garamba vifaru weupe 16 wa jamii ya kusini kutoka hifadhi ya Phinda, Afrika Kusini. Si wale waliopotea, bali ndugu zao wa karibu kabisa, na kazi yao porini ni ileile. Kifaru mweupe ana mdomo mpana ulionyooka. Hukata majani karibu kabisa na ardhi, akiacha viwanja vya nyasi fupi ambamo wanyama wadogo hupata malisho mororo na moto wa kiangazi hukosa nguvu.