Barua Zilizongoja Simu ya Usiku



Kamati ilipotuomba sisi walimu ukurasa wa historia kwa toleo hili la kumbukumbu, wengi walitazamia tuandike juu ya Wanyarwanda waliokimbia kuanzia mwaka 1959 na jinsi makazi haya yalivyofunguliwa kwa ajili yao. Habari hiyo wazee wanaisimulia vizuri kuliko sisi. Tumechagua nyingine, ambayo hata wenye simu mbili mfukoni hawaijui: jinsi barua pepe ilivyofika Afrika Mashariki kabla ya intaneti yenyewe.

Intaneti ya moja kwa moja ilifika Uganda na Kenya mwaka 1995. Lakini miaka kadhaa kabla ya hapo, pale Chuo Kikuu cha Makerere, kulikuwa na kompyuta iliyoitwa MUKLA, yenye modemu na laini ya simu ya kawaida. Charles Musisi ni mmoja wa walioihudumia. Kompyuta hiyo ilikuwa katika FidoNet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984, na kanuni yake ilikuwa rahisi: hakuna aliyeunganishwa muda wote. Barua ziliandikwa mchana, zikakusanywa, zikabanwa ziwe fungu dogo. Simu ilipopigwa, fungu la kutoka lilikwenda na fungu la kuingia likaja, kisha simu ikakatwa. Baada ya hapo mtu alisoma barua zake bila laini yoyote, akajibu taratibu, akayaacha majibu yake yangoje simu inayofuata.

Nani alilipia simu hiyo? Hapa ndipo penye maarifa. Kupiga simu London kutoka Kampala kulikuwa ghali sana kuliko kupiga Kampala kutoka London. Kwa hiyo shirika la GreenNet la London liliweka lango lililoitwa GnFido, lililosimamiwa na Karen Banks, na kompyuta ya huko ndiyo iliyokuwa ikipiga simu kwenye vituo vya Afrika kuchukua na kuleta mizigo. Mjini Nairobi kituo cha namna hiyo kilikuwa katika ofisi za ELCI, shirika la mambo ya mazingira. FidoNet yenyewe ilikuwa na desturi ya kutenga saa moja ya usiku ambapo vituo vyote vilipaswa kuacha laini wazi kwa ajili ya barua tu, kwa sababu huko Marekani gharama za simu zilikuwa zikishuka usiku.

Laini zetu za simu zilikuwa mbovu, zikikatika hata kwa mvua ndogo. Mwaka 1986 Chuck Forsberg, Mmarekani, alitunga utaratibu wa kupitisha mafaili ulioitwa Zmodem. Laini ikikatika katikati, simu ikipigwa tena kazi huendelea pale ilipoishia, kama msomaji aliyeweka jani ndani ya kitabu. Tunawaomba wasomaji waikumbuke Zmodem, maana tutairudia.

Zaidi ya barua za mtu na mtu kulikuwa na vikundi vya majadiliano. Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke. Mtu aliandika ujumbe mmoja, ukanakiliwa kutoka kompyuta hadi kompyuta, ukasomwa na maelfu. Kimojawapo, soc.culture.african, kilikuwa cha mambo ya Afrika. Aliyelipia laini kwa dakika hakuweza kubeba vikundi vyote. Alichagua vichache, akavishusha vyote kwa mara moja, akakata simu, akasoma jioni kama asomavyo gazeti la juzi. Sisi tunaona hiyo haikuwa hasara tupu: anayejibu kesho hupata muda wa kupoa.

Waganga walipata njia yao. Daktari wa moyo wa Boston, Bernard Lown, alianzisha shirika la SatelLife, na HealthNet yake ilitumia setilaiti ndogo zilizotengenezwa Surrey, Uingereza. Ya kwanza kutumika ilirushwa mwaka 1990, na HealthSat-2 mwaka 1993. Setilaiti ilipita juu kwa dakika zisizofika ishirini. Katika dakika hizo kituo cha chini kilipandisha barua na kushusha zilizokuja, nayo ikaondoka na mzigo wake kama mchukuzi. Kampala ilikuwa na kituo hicho katika kitivo cha uganga cha Makerere.

Je, mkimbizi alikuwa wapi katika hayo yote? Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kuingia Ngara, upande wa juu wa mto huu huu wa Kagera unaopita Kikagate. Kwenye kambi za aina ile mashirika yalisimamisha milingoti ya redio za masafa marefu, na katika miaka hiyo redio hizo zilianza kubeba hata barua za kompyuta zilizosubiri zamu yake hewani. Zilibeba hesabu za unga, dawa na mahema. Salamu za mkimbizi kwa mama yake zilikuwa na njia nyingine, ya zamani zaidi: karatasi ya Msalaba Mwekundu.

Karatasi hiyo wengi wetu tunaijua. Haina bahasha, huandikwa habari za jamaa tu, na kila anayeishika njiani anaweza kuisoma. Kazi ya namna hiyo Msalaba Mwekundu ulianza mwaka 1870, ulipofungua ofisi mjini Basel kwa ajili ya wafungwa wa vita vya Ufaransa na Prussia. Sisi tuliofika hapa mwaka 2008 tukitoka Rutshuru tuliijaza tukiwa hatujui kama upande wa pili kuna mtu. Wako miongoni mwetu waliongoja hadi wakaacha kuuliza, ndipo karatasi ikarudi, na kabla ya kusoma neno wakautambua mwandiko.

Kisha tukaijua Mbarara na vibanda vyake vya intaneti. Huko ulilipa kwa dakika, na nauli ya gari ilikuwa imeshakula nusu ya fedha. Kwa hiyo barua tuliiandika nyumbani kwenye daftari, tukaenda nayo, tukainakili haraka kwenye kompyuta. Majibu tuliyakuta hatukuyasoma pale pale. Tulilipia yachapishwe, tukayasoma garini tukirudi. Hakuna aliyetuambia kwamba Makerere walifanya vivyo hivyo miaka mingi kabla yetu.

Leo simu zipo, lakini kungoja hakujaisha. Ujumbe wa WhatsApp wenye alama moja ni barua iliyo bado njiani: simu ya mwenzako imezimika, iko kwa mtu wa sola ikichajiwa, au vocha imekwisha. Wafanyabiashara wetu waendao Kikagate huondoka na ujumbe uliorekodiwa tayari, nao hupaa wenyewe mtandao unapopatikana.

Kinachotuuma ni fomu. Siku hizi nafasi za masomo, na hata malalamiko, hutakiwa kujazwa mtandaoni. Mwaka jana binti mmoja aliyemaliza sekondari alijaza fomu ya ufadhili ya shirika moja kwa simu ya kuazima. Alikuwa amefika ukurasa wa mwisho mtandao ulipokatika, na alipofungua tena alikuta ukurasa wa kwanza, mtupu. Alijaribu mara tatu. Tarehe ikapita. Zmodem ya mwaka 1986 ingemrudisha pale alipoishia.

Nanyi ndugu watumishi, njia mnayo. Mnapopita nyumba kwa nyumba mkituhesabu, wengi wenu mnatumia KoboToolbox au ODK. Programu hizo hujaza fomu bila mtandao, huyatunza majibu ndani ya simu, na kuyatuma mkifika penye mtandao. Basi fomu za kutuuliza sisi zinaweza kungoja mtandao, na fomu za sisi kuwaomba ninyi haziwezi. Tunaomba zilinganishwe.

Kwa wakati huu, sisi walimu tumekubaliana na kamati kupokea fomu hizo kwa karatasi kila Jumamosi baada ya adhuhuri. Mwenye fomu aje na kadi yake, vyeti vyake na kalamu. Tutazijaza kwenye simu na kuzituma kwa pamoja usiku, saa ambazo mtandao hupungua watu.