Jiwe la Bahari: Kutoka Kizimkazi Hadi Mkunazini

Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ukuta wa kibla una maandishi ya Kufi yaliyochongwa mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo la leo ni ya karne ya 18, lakini maandishi hayo yamedumu. Yanaizunguka mihrabu, na ncha za herufi zinachipua majani na maua. Nakshi ya aina hii huhitaji tumbawe bichi. Likitoka tu baharini huwa laini, tindo huliingia bila kulipasua. Likishakaa hewani hukauka na kuwa gumu.

Katika karne ya 12, ile ya maandishi hayo, waashi wa Ufaransa walianza kujenga makanisa ya Kigothi, ambayo dari zake hubebwa na mbavu za mawe. Mbavu zinapokutana juu, hufungwa kwa jiwe moja, na jiwe hilo hunakshiwa maua, nyuso za watu au visa vya Biblia. Kanisa kuu la Norwich, Uingereza, lina zaidi ya mawe 1,000 ya namna hiyo.

Pwani yetu nayo ilikuwa na njia yake ya kupamba dari. Kilwa Kisiwani, katika msikiti mdogo wa kuba, wajenzi walipachika darini bakuli za rangi zilizoletwa na merikebu. Lakini nyumba nyingi za mawe za pwani ziliezekwa kwa dari bapa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba.

Mwaka 1873, baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, wamisionari wa Kianglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu waliweka jiwe la msingi la kanisa palepale lilipokuwa soko hilo, Mkunazini katika Mji Mkongwe, siku ya Krismasi. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka uliofuata. Madirisha yalichongoka Kigothi, lakini ukumbi mpana namna ile usingeweza kuezekwa kwa boriti. Steere aliamua paa liwe kuba moja ndefu ya mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Wapo waliotabiri kwamba litaanguka. Halikuanguka. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Kuba ya namna hiyo haina mbavu zinazokatana, kwa hiyo haina pia jiwe la kufungia la kunakshiwa. Jiwe lilelile lililochorwa herufi Kizimkazi, Mkunazini lilipondwa ili libebe uzito.

Maandishi ya Kizimkazi yanamtaja sheikh aliyeamuru kazi, Abu Imran Musa bin al-Hasan, na kanisa linamkumbuka askofu wake. Lakini uamuzi wa tumbawe lipi lichongwe na lipi lipondwe ulihitaji mikono iliyolijua jiwe hilo. Historia ya majengo ya Unguja haijakamilika mpaka iwape waashi nafasi ileile wanayopewa masultani na maaskofu.