Mahasweta Devi: mwandishi wa wasiosikika

Mahasweta Devi, mmoja wa waandishi mashuhuri wa lugha ya Kibengali, alifariki dunia mjini Kolkata, India, tarehe 28 Julai 2016, akiwa na umri wa miaka 90. Aliacha zaidi ya vitabu 100, na vingi vinasimulia maisha ya watu ambao wenyewe hawakujaliwa kujua kusoma.

Alizaliwa tarehe 14 Januari 1926 mjini Dhaka, ambao leo ni mji mkuu wa Bangladesh. Baba yake, Manish Ghatak, alikuwa mshairi na mwandishi wa riwaya. Mama yake, Dharitri Devi, alikuwa mwandishi pia. Na mtengenezaji filamu Ritwik Ghatak alikuwa baba yake mdogo. Mahasweta alisoma Santiniketan, katika chuo kilichoanzishwa na Rabindranath Tagore, kisha akapata shahada ya uzamili ya fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Calcutta.

Mwaka 1947 aliolewa na mwandishi wa tamthilia, Bijon Bhattacharya. Mtoto wao, Nabarun Bhattacharya, naye alikuja kuwa mwandishi wa riwaya. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1962.

Historia kutoka vinywani mwa watu

Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1956, kilihusu malkia wa Jhansi aliyepigana na Waingereza katika maasi ya mwaka 1857. Mahasweta hakuridhika na kumbukumbu za serikali. Alifunga safari hadi Jhansi na vijiji vya jirani, akakusanya masimulizi na nyimbo za wenyeji. Njia hiyo ya kuwasikiliza watu kwanza, kisha kuandika, hakuiacha maisha yake yote.

Maiti nambari 1084

Riwaya iliyompa sifa kubwa, Hajar Churashir Maa, yaani Mama wa 1084, ilitoka mwaka 1974. Msingi wake ni vuguvugu la Naxalbari, lililoanza mwaka 1967 kama uasi wa wakulima kaskazini mwa Bengali Magharibi, likawavuta vijana wengi wa mjini na kuzimwa kwa umwagaji damu.

Sujata, mama wa familia yenye uwezo, anaitwa kuutambua mwili wa mwanawe. Katika chumba cha maiti kijana huyo hana jina, ana nambari tu. Baba anahangaika kuificha aibu. Mama anaanza kutafuta mwanawe alikuwa nani hasa. Mwaka 1998 Govind Nihalani aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu.

Katika hadithi fupi ya Draupadi, mwanamke wa kabila la Santhal anakamatwa na wanajeshi na kubakwa. Kulipopambazuka anakataa kuvaa nguo zake, anasimama uchi mbele ya ofisa aliyetoa amri, na anayeingiwa na hofu ni ofisa. Hadithi hiyo ilifika mbali kwa tafsiri ya Kiingereza ya Gayatri Chakravorty Spivak. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Delhi kiliiondoa katika mtaala wake, hatua iliyozusha malalamiko ya wasomi.

Haki ya msitu

Aranyer Adhikar, riwaya ya mwaka 1977, inamhusu Birsa Munda, kijana aliyewaongoza watu wa kabila la Munda dhidi ya utawala wa Waingereza na wenye mashamba walionyakua ardhi yao, akafia gerezani Ranchi mwaka 1900. Riwaya hiyo ilimpatia Mahasweta tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 1979.

Kuanzia mwaka 1980 aliliendesha jarida la Bortika, ambamo wakulima, vibarua na watu wa makabila ya asili waliandika habari zao wenyewe.

Aliwatetea hasa Wasabar wa wilaya ya Purulia. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1871 iliyahesabu makabila kadhaa kuwa ya wahalifu wa kuzaliwa. Ilifutwa baada ya uhuru, lakini dhana ilibaki. Mwaka 1998 Budhan Sabar alifariki dunia baada ya kupigwa akiwa mikononi mwa polisi. Mahasweta na wenzake walilifikisha suala hilo katika Mahakama Kuu ya Calcutta, ambayo iliamuru uchunguzi ufanywe na mjane alipwe fidia.

Tuzo na upinzani

Alipewa tuzo ya Jnanpith ya mwaka 1996, ambayo alikabidhiwa na Nelson Mandela, na mwaka 1997 akapata tuzo ya Ramon Magsaysay.

Heshima hizo hazikumnyamazisha. Mwaka 2006 na 2007, serikali ya mrengo wa kushoto ya Bengali Magharibi ilipotaka kuchukua mashamba ya wakulima wa Singur na Nandigram kwa ajili ya viwanda, yeye aliyekuwa na mizizi katika siasa za mrengo huohuo alisimama na wakulima. Wakati huo alikuwa amepita umri wa miaka 80.