Kidonge cha usingizi cha baba mdogo

Nimerudi kutoka Chunya. Wanaoijua njia ile wanaelewa: ukitoka Mbeya mjini unapanda milima yenye baridi na ukungu, kisha unaanza kuteremka, joto linakupokea, na ndani ya basi mazungumzo yanakuwa ya dhahabu tu. Ndivyo Chunya ilivyo tangu watu walipoanza kumiminika kwenye machimbo ya Lupa katika miaka ya 1920 na 1930.

Mimi sikwenda kutafuta dhahabu. Nilikwenda kumjulia hali baba mdogo.

Baba mdogo ni mchimbaji mdogo. Miaka kadhaa iliyopita duara walilokuwa wakichimba liliporomoka na kumuua mwenzake. Tangu siku ile usingizi ukamkimbia. Usiku moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, akisikia kishindo anaruka kitandani. Alikwenda kutibiwa, akaandikiwa diazepam ya siku 7. Akalala. Siku 7 zilipokwisha, duka moja la dawa likaendelea kumuuzia bila cheti cha daktari kwa zaidi ya miaka 2.

Kisha akaenda msibani Mbeya na vidonge akavisahau. Siku ya tano mikono ikaanza kutetemeka. Siku ya sita akaanguka kifafa, mtu ambaye hajawahi kuanguka kifafa maishani mwake. Mama mdogo alisema wabaya wake wa machimboni wamemroga. Hospitali wakatuambia jambo jingine: mwili ulishaizoea dawa, na dawa imekatwa ghafla. Vijana wa Dar wanaiita arosto, tukadhani ni ya mateja peke yao.

"Mwanangu," aliniambia baba mdogo, "mbona hakuna aliyeniambia?"

Swali hilo limenikosesha raha. Nikaanza kuichimba historia ya vidonge hivi, na jibu nililolipata halipendezi. Onyo lilikuwepo muda wote. Lilikuwa halifiki tu.

Tuanze mwaka 1903. Wajerumani, wakati ule wakiwa watawala wetu, walileta dawa ya usingizi iitwayo Veronal, ya jamii ya babitureti. Ilisifiwa sana. Baadaye ikaonekana kwamba jamii hiyo inajenga uteja, na kwamba kipimo cha kulaza na kipimo cha kuua havikuachana sana. Mwigizaji Marilyn Monroe alikufa kwa kuzidisha babitureti mwaka 1962.

Mwaka 1955 Marekani ikapata Miltown, kidonge cha kutuliza wasiwasi kilichosemwa kuwa ni salama zaidi. Nacho kikaonekana kinajenga uteja.

Kisha akaja Leo Sternbach, mkemia Myahudi aliyezaliwa mwaka 1908 huko Opatija na kuhamia Marekani mwaka 1941. Alifanya kazi kampuni ya Roche. Mwaka 1957, walipokuwa wakisafisha maabara, walikuta mchanganyiko wake uliosahaulika. Wakaupima, na mwaka 1960 ukaingia sokoni kwa jina la Librium. Mwaka 1963 ikafuata Valium, yaani diazepam yenyewe. Ikinywewa peke yake haikuua kirahisi kama babitureti. Watu wakashangilia. Mwaka 1978 Wamarekani waliuziwa zaidi ya vidonge bilioni 2 vya Valium.

Sasa shika hili. Mwaka 1961, Librium ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, daktari Leo Hollister na wenzake walishaandika kwamba wagonjwa waliopewa dozi kubwa na kukatishwa ghafla walipata shida, kifafa kikiwemo. Mwaka 1979 Barbara Gordon, mtengenezaji wa vipindi vya televisheni, alichapisha kitabu kuhusu alivyoacha Valium ghafla akaishia hospitali ya magonjwa ya akili. Mwaka huo huo Seneti ya Marekani ikalijadili suala hilo. Mwaka 1988 Uingereza ikashauri dawa hizi zitumike wiki 2 hadi 4 tu. Na onyo kali kabisa la Marekani kuhusu uteja na shida za kuziacha, lile la ndani ya kiboksi kwenye maelezo ya dawa, likatoka mwaka 2020. Toka 1961 mpaka 2020 ni miaka 59!

Kama Washington ilichukua miaka 59, onyo lingefikaje kwa baba mdogo?

Sisemi dawa ni mbaya. Diazepam imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu ile ya kwanza ya mwaka 1977, na hospitalini inakata degedege la mtoto. Tatizo ni ubongo kuzoea. Dawa inaongeza nguvu ya breki za ubongo. Ikikaa muda mrefu ubongo unalegeza breki zake wenyewe. Ukiiondoa ghafla, gari linateremka mlima bila breki. Ukichanganya na pombe, pumzi inaweza kusimama usingizini. Kwa mzee, usingizi unaobaki hadi asubuhi unaweza kuwa anguko na mfupa uliovunjika. Kwa mchimbaji anayeshuka duarani kwa kamba, fikiria mwenyewe.

Chunya ina jambo lake la ziada. Wachimbaji wengi wanakamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma kwenye moto wa wazi. Moshi wa zebaki ukiuvuta kwa muda mrefu unaleta kutetemeka, kukosa usingizi, usahaulifu na wasiwasi usio na sababu. Mtu wa namna hiyo akienda dukani kuomba cha kulalia, kidonge kitamtuliza huku sumu ikiendelea kuingia.

Baba mdogo sasa anapunguziwa dozi kidogo kidogo na daktari, na itachukua miezi. Kama nawe una mtu anayevinywa vidonge hivi kila siku, usimnyang'anye leo. Mpeleke kwa daktari ampangie namna ya kushuka. Na mkifika, muulizeni daktari lile swali ambalo kwetu halikuulizwa siku ya kwanza: hii dawa nitaiacha lini, na vipi?

Nyumbani kwenu kuna mtu wa namna hii? Mwasemaje?