Baada ya Kuruhusiwa: Historia ya Ufuatiliaji wa Watoto Njiti

Historia ya matibabu ya watoto njiti, yaani watoto wanaozaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito kutimia, kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mashine: sanduku la joto, mpira wa kulishia, mtungi wa oksijeni. Masimulizi hayo yana ukweli, lakini yanaacha nje nusu ya kazi. Mengi ambayo tiba hiyo inayajua leo kuhusu faida na madhara yake yenyewe hayakugunduliwa wodini, bali yaligunduliwa baada ya mtoto kuruhusiwa, pale tu alipokuwepo mtu wa kuendelea kumpima uzito, kumchunguza macho na masikio, kuangalia anavyokaa, anavyotembea na anavyojifunza, na kumsaidia mama anayemlea. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa ufuatiliaji.

Chimbuko lake ni Paris, katika miaka ambayo Ufaransa, baada ya kushindwa na Prussia katika vita vya 1870 na 1871, ilikuwa na hofu ya kupungukiwa na watu, hata kifo cha mtoto mchanga kikahesabiwa kuwa hasara ya taifa. Daktari Stéphane Tarnier, aliyekuwa ameona mashine ya kuangulia vifaranga katika bustani ya wanyama ya jiji hilo, alimwomba mtengenezaji wake, Odile Martin, aunde nyingine ya watoto, na mwaka 1880 inkyubeta, yaani sanduku linalompa mtoto joto ambalo mwili wake hauwezi kulitunza, ikaanza kutumika katika hospitali ya uzazi ya Maternité. Taarifa ya msaidizi wake, Alfred Auvard, iliyotolewa mwaka 1883, ilionyesha kwamba vifo vya watoto wenye uzito wa chini ya gramu 2,000 vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 66 hadi 38. Mafanikio hayo yalikuwa makubwa, lakini yalikuwa hesabu ya wodini.

Swali la nini kilimpata mtoto alipofika nyumbani lilishughulikiwa na mwanafunzi wa Tarnier, Pierre Budin, ambaye mwaka 1892 alifungua katika Hospitali ya Charité kliniki ya watoto wanaonyonya. Akina mama waliojifungulia hapo walirudi na watoto wao mara kwa mara. Mtoto alipimwa na uzito wake ukaandikwa, mama akahimizwa kuendelea kunyonyesha, na yule ambaye maziwa yake hayakutosha akapewa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa ili kuua vijidudu, kwa sababu kuharisha wakati wa kiangazi kulikuwa kukiwaua watoto wengi wa jiji hilo waliozaliwa wakiwa wazima. Mwaka 1895 Budin alihamia Maternité, na huko akatambua jambo ambalo aliliandika katika kitabu chake Le Nourrisson cha mwaka 1900: mama aliyetenganishwa na mtoto wake kwa muda mrefu, asimnyonyeshe wala kumhudumia, hupoteza mapenzi naye, na wengine huwaacha watoto wao kabisa. Kwa hiyo alitaka mama aingie wodini. Ukubwa wa Budin uko hapo kuliko katika kifaa chochote, kwa kuwa alielewa kwamba ufuatiliaji huanza kabla ya siku ya kuruhusiwa, na kwamba mama asiyewahi kumshika mwanawe hukabidhiwa mtoto mgeni. Mama wa Afrika Mashariki anayekwenda leo kupima uzito wa mtoto akiwa na kadi ya kliniki yumo katika desturi inayofanana na hiyo, ingawa kadi yenyewe ya kuchora mstari wa ukuaji inatokana zaidi na kazi ya daktari David Morley huko Nigeria kuanzia miaka ya 1950.

Karne ya 20 ilirithi sanduku la Tarnier kwa urahisi zaidi kuliko kliniki ya Budin. Kwa kuogopa maambukizi, hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliwafungia wazazi nje, wakamwona mtoto wao kupitia kioo. Wapo waliokwenda kinyume na mkondo huo, kama Julius Hess wa Chicago, aliyefungua kituo cha watoto njiti mwaka 1922 na ambaye pamoja na wenzake alichapisha mwaka 1934 utafiti kuhusu ukuaji wa mwili na akili wa watoto waliozaliwa njiti. Lakini kazi ya namna hiyo ilikuwa nadra.

Gharama ya kutofuatilia ilionekana wazi katika miaka ya 1940 na 1950. Inkyubeta mpya ziliweza kuhifadhi oksijeni nyingi, na oksijeni ilitolewa kwa ukarimu kwa sababu ilimfanya mtoto apumue vizuri na abadilike rangi mbele ya macho ya muuguzi. Mwaka 1942 daktari wa macho wa Boston, Theodore Terry, alieleza ugonjwa wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa watoto njiti waliokuwa wamepoteza uwezo wa kuona. Macho ya watoto hao hayakuwa na kasoro walipozaliwa. Upofu uligunduliwa miezi kadhaa baadaye, wakati wodi ilikuwa imekwisha kuwahesabu miongoni mwa waliopona. Kate Campbell wa Melbourne alihusisha ugonjwa huo na oksijeni mwaka 1951, na utafiti wa hospitali 18 za Marekani ulioanza mwaka 1953 ukathibitisha, lakini kufikia hapo watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepofuka. Hata suluhisho lilileta msiba wa upande wa pili: oksijeni ilipobanwa mno, watoto wengine walikufa, na mwaka 1973 Kenneth Cross wa Uingereza alikadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyeepushwa na upofu, watoto wapatao 16 walipoteza maisha. Hakuna sura katika historia hii inayoumiza kuliko hii, kwa maana waliotoa oksijeni na walioinyima walikuwa watu wema wenye bidii, ila kila upande uliona kipande kimoja tu cha maisha ya mtoto.

Badiliko kubwa lililofuata halikutoka katika hospitali tajiri. Mwaka 1978, katika Instituto Materno Infantil ya Bogotá, Kolombia, ambako watoto walilazwa zaidi ya mmoja katika inkyubeta moja, maambukizi yalienea na watoto wengi waliachwa na wazazi, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kumfunga mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na mwenzake Héctor Martínez Gómez akaiendeleza njia hiyo. Huduma hiyo, inayojulikana kama njia ya kangaruu, mara nyingi huelezwa kwa mkao wake tu, lakini ilikuwa na nguzo nyingine mbili: kunyonyesha, na kumruhusu mtoto mapema kwa sharti kwamba arudi kliniki mara kwa mara. Bila nguzo hiyo ya mwisho, kuruhusiwa mapema kungekuwa kutelekezwa. Wakosoaji walisema, na walikuwa na haki, kwamba takwimu za mwanzo ziliwahesabu tu watoto waliokwisha kupita siku za hatari, ndiyo maana Nathalie Charpak na wenzake walifanya utafiti wa kulinganisha makundi mawili kati ya 1993 na 1996, wenye watoto 746. Kisha wakafanya jambo ambalo ni wachache wamelifanya: miaka 20 baadaye waliwatafuta vijana hao, wakawapata 494 kati ya 716 waliojulikana kuwa hai, na wakakuta kwamba waliolelewa kifuani walikuwa watulivu zaidi na walikosa shule mara chache kuliko wenzao.

Tanzania iliingia katika historia hii kwa mchango wake yenyewe. Hospitali ya Muhimbili ilikuwa mojawapo ya hospitali tano, pamoja na za Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizofanya utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao ulionyesha kwamba kuanza njia ya kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atengemae, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Na ili hilo liwezekane, mama ilibidi alazwe ndani ya wodi ya uangalizi maalumu pamoja na mwanawe, kama Budin alivyotaka. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo kwa watoto wote njiti, likaongeza kwamba wahudumu wa afya wazitembelee familia nyumbani na kwamba likizo za wazazi zizingatie mahitaji ya watoto hao. Mwaka 2025 sheria za kazi za Tanzania zilirekebishwa ili mwajiriwa aliyejifungua mtoto njiti arefushiwe likizo ya uzazi. Mkulima, mama ntilie na muuza mboga sokoni, ambao hawana mwajiri wa kuwapa likizo, bado hawamo katika sheria hiyo, na nauli ya kwenda na kurudi kliniki wanaitoa wenyewe.