Madalali wa Bordeaux na Daraja la Mvinyo

Lugha yetu ina majina mawili ya kinywaji cha zabibu: mvinyo, tulilopata kwa Wareno, na divai, lililotoka kwa Wafaransa. Zabibu lenyewe ni neno la Kiarabu. Msomaji asiyekigusa kinywaji hiki, na hapa visiwani ndio walio wengi, amekwisha kukutana nacho katika tungo. Abu Nuwas alikisifu waziwazi mjini Baghdad, na Ibn al-Farid wa Misri, aliyefariki mwaka 1235, akakifanya fumbo la mapenzi ya Mola. Utamu wake na hukumu yake nawaachia wenyewe wajuzi. Ninalolitaka hapa ni swali ambalo malenga wanalijua kwa uchungu: ni nani mwenye haki ya kusema huyu ni wa kwanza na yule ni wa pili, na neno lake likishatoka, hudumu kwa muda gani?

Mwaka 1855 Napoleon III aliandaa Maonyesho ya Ulimwengu mjini Paris. Chemba ya Biashara ya Bordeaux, ikitaka kupeleka huko mivinyo ya mkoa wake, iliwaandikia madalali wa mji tarehe 5 Aprili ikiwaomba orodha ya mivinyo myekundu kwa madaraja yake. Jibu lilikuja tarehe 18 Aprili. Siku kumi na tatu tu! Hakuna aliyeketi akaonja. Madalali walifungua daftari zao, wakatazama kila shamba liliuza kwa bei gani miaka iliyopita, wakapanga madaraja matano. Juu kabisa waliweka manne: Lafite, Latour na Margaux, yote ya Médoc, pamoja na Haut-Brion, lililo nje ya Médoc lakini lenye bei isiyoweza kupuuzwa.

Sisi watu wa pwani dalali tunamjua, na aghalabu hatumsifu. Hata hivyo tumfanyie insafu. Bei ya miaka mingi ni kumbukumbu ya ndimi nyingi, na madalali wale hawakuyazua majina yale. Samuel Pepys aliitaja Haut-Brion katika shajara yake ya mwaka 1663 mjini London, na Thomas Jefferson, alipozuru Bordeaux mwaka 1787, aliyaandika mashamba manne ya juu kuwa yayo hayo. Orodha ya 1855 ilikuwa picha ya soko siku ile. Ajabu ni kwamba picha ile ilitundikwa ukutani, na hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Iliandikwa kwa ajili ya maonyesho ya miezi michache, ikawa sheria. Shamba la Cantemerle liliongezwa baadaye kidogo. Tangu hapo wenye mali wamekufa na kurithiwa, ardhi imeuzwa na kununuliwa, na daraja limebaki palepale, kwa kuwa lililopewa cheo ni jina la nyumba wala si udongo. Shamba laweza kununua kipande cha jirani, na zabibu za kipande kile zikaamka asubuhi zikiwa za daraja jipya.

Mara moja tu mtu wa chini alipandishwa, naye ana haki ya kukaa katika jarida la mashairi. Mouton ilinunuliwa na Nathaniel de Rothschild mwaka 1853, na miaka miwili baadaye madalali wakaiweka daraja la pili. Mwaka 1922 uendeshaji wake ukaangukia mikononi mwa kijana wa miaka ishirini, Baron Philippe de Rothschild. Alikuwa mshairi, tena mfasiri: aliwafasiri kwa Kifaransa washairi wa Kiingereza wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, pamoja na tamthilia za Christopher Fry. Wakati ule mvinyo uliuzwa kwa mapipa kwa wafanyabiashara wa mjini, nao ndio waliotia chupani, na mnunuzi aliamini walichomwambia. Mwaka 1924 Philippe aliamua kwamba mvinyo wote wa Mouton utiwe chupani shambani kwake. Kuanzia 1945 akawa kila mwaka anampa msanii mmoja kazi ya kuchora lebo; Braque, Dalí na Chagall wote wamo.

Kaulimbiu ya nyumba yake ilikuwa na vipande vitatu, iliyoundwa kwa kufuata majigambo ya ukoo wa kale wa Rohan. Naifasiri hivi: wa kwanza siwezi, wa pili sishuki, Mouton ndimi. Kitenzi cha Kifaransa katika kipande cha kati kina kiburi cha bwana asiyekubali kujitweza, na “sishuki” nimelichagua kwa sababu hiyo, ingawa najua halitoshi. Kwa miongo kadhaa Philippe aliwasumbua wakubwa wa serikali na wa biashara, hata mwaka 1973 Jacques Chirac, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, akatia saini, na Mouton ikawa ya kwanza. Kaulimbiu ikageuzwa: wa kwanza ndimi, wa pili nilikuwa, Mouton habadiliki.

Haikupita miaka mitatu, ikaja siku ya 24 Mei 1976. Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la mvinyo Paris, aliwaalika waonjaji tisa wa Kifaransa, watu wenye majina katika fani yao, waonje mivinyo kumi myekundu bila kuziona lebo: minne ya Bordeaux na sita ya California. Aliyeongoza alikuwa Stag's Leap Wine Cellars wa mwaka 1973, kutoka bonde la Napa. Mouton wa 1970 ulikuwa wa pili, kwa tofauti ndogo mno. Mwonjaji mmoja, Odette Kahn, mhariri wa jarida la mvinyo, alitaka arudishiwe karatasi yake ya alama. Namwelewa bibi yule. Kuna mashindano ya ushairi ambamo majaji wangetaka jambo hilohilo laiti majina yangefichwa.

Wakasema Wafaransa kwamba mivinyo yao huhitaji umri, na kwamba ya California ingekufa mapema. Mwaka 2006 chupa za miaka ileile zilionjwa tena, na nafasi tano za mwanzo zote zikachukuliwa na California, Ridge Monte Bello wa 1971 ukiwa kileleni. Orodha ya 1855 haikutikisika.

Yamkini tiba ni kuipitia upya mara kwa mara? Saint-Émilion, ng'ambo ya mto, waliunda orodha yao mwaka 1955 wakakubaliana iwe ikirekebishwa. Ile ya 2006 iliishia mahakamani ikabatilishwa, na kabla ya ile ya 2022 nyumba kubwa tatu, Ausone, Cheval Blanc na Angélus, zilijitoa zenyewe. Majirani zao wa Pomerol hawana daraja lolote, na Pétrus ya huko huuzwa ghali kuliko karibu wote waliotajwa hapa.

Basi anayeombwa na mgeni ampendekezee mvinyo mwekundu uliosifiwa asimsomee orodha kama mwanafunzi asomaye jedwali. Amwambie kwamba Lynch-Bages ni ya daraja la tano kwa karatasi, na sokoni hukaa juu ya cheo chake kwa mbali. Kwamba Palmer ni ya tatu, na iko miaka inayobishana na Margaux jirani yake. Kwamba Léoville Las Cases ni ya pili na wengi huihesabu karibu na ya kwanza. Halafu amuulize ni mavuno ya mwaka gani, maana mvua haisomi daraja.

Mwaka 1973 wenyewe ulikuwa na mvua. Mavuno ya Bordeaux yalikuwa mengi na mepesi, na mvinyo wa kwanza wa Mouton kubeba cheo kipya ukatoka dhaifu. Lebo yake ina mchoro wa Picasso, aliyefariki Aprili ya mwaka ule, na watu hadi leo huinunua chupa ile kwa ajili ya karatasi iliyobandikwa nje.